Shangazi Anajibu: "Mume wangu ameshapona, kwa nini aendelee na dawa?"

Salam aleikum Shangazi. Niko Arua, mume wangu anauza vitenge, anachukua mzigo Ariwara anauza hapa. Mwaka jana alianza kutolala, mwanzo nikadhani ni furaha ya biashara manake anaamka saa nane usiku anapiga mahesabu anaimba, siku ya nne nikamkuta anapaka duka rangi ya kijani saa tisa usiku kwa tochi ya simu. Wiki hiyo hiyo akawagawia vijana wa boda pale steji vitenge pisi 17 bure, akakopa SACCO milioni 6 kwa hati ya kiwanja chetu. Ukimsemesha ni ugomvi. Ndugu zake wakamfunga kamba wakampeleka hospitali kwa pikapu, wakasema ni bipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda juu sana halafu kushuka chini sana. Aliporudi akalala miezi miwili, haogi, analia tu. Sa hii anatumia lithiamu, mwezi wa nane huu yuko sawa kabisa, lakini mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai kinagongagonga kwenye sahani, na kiu haimwishi. Mama mkwe anasema ameshapona, aache kabla figo hazijaharibika. Na Ramadhani hiyo inakuja, yeye anataka kufunga. Nifanyeje?
*Mama Z., Arua*

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na hongera pia, miezi minane si mchezo. Barua yako nimeisoma mara mbili, kuna neno umelipitia haraka na mimi naona ndo lenyewe: "alianza kutolala." Kabla ya rangi ya kijani, kabla ya SACCO, usingizi ndo ulitangulia kuondoka. Mimi nimekuwa nesi wa wadi ya akili miaka mingi na wengi niliowauguza ilikuwa hivo hivo. Mtu wa kawaida akikosa usingizi siku mbili anachoka, anakuwa mkali, anasinzia kwenye taksi, lakini huyu analala masaa matatu anaamka na nguvu za watu wanne. Kwa hiyo nunua daftari la shule, litundike kwenye msumari chumbani, kila asubuhi aandike amelala masaa mangapi. Aandike yeye kwa mkono wake, usimwandikie, asije akaona anachungwa kama mtoto. Akilala chini ya masaa matano siku mbili mfululizo na hasikii uchovu, msingoje ya tatu, wapigieni kliniki.

Sasa la mama mkwe. Yuko sawa kwa sababu anameza dawa. Bipola si malaria kwamba ukimaliza dozi imeisha, inakaa inasubiri, na lithiamu kazi yake kubwa ni kuizuia isirudi, tena mtu akiiacha ghafla ndo inarudi upesi zaidi. Lakini usimkaripie mama wa watu, la figo hajalitoa hewani. Lithiamu kwa miaka mingi inaweza kugusa figo na ile tezi ya shingoni, ndo maana lazima apimwe damu, figo na tezi angalau kila miezi sita, na kiwango cha dawa chenyewe kwenye damu. Hicho kinapimwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, yaani akimeza saa tatu usiku basi damu itolewe saa tatu asubuhi kabla hajameza nyingine. Wengi wanatakiwa wawe kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita ya damu), wengine daktari anawaacha wafike 1.0. Ombeni namba yenyewe, msikubali kuambiwa "iko sawa" tu, iandikeni kwenye lile daftari. Na mama mkwe mchukueni siku ya kliniki akasikie kwa masikio yake, akiwa upande wenu ni nusu ya kazi.

Kutetemeka kidogo na kiu ni kawaida ya hiyo dawa, amwambie daktari, dozi inaweza kupunguzwa au saa ya kumeza ibadilishwe. Lakini mikono ikianza kurukaruka, anatapika, anaharisha, anatembea kama mlevi, ulimi mzito, hapo dawa imezidi mwilini, dozi inayofuata asiimeze na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na nakuomba sana, mgongo ukimuuma asikimbilie diklofenaki ya duka la dawa. Najua kila mtu anapewa hiyo, lakini yenyewe na ibuprofeni zinapandisha lithiamu kwenye damu, apewe parasetamo. Akipata malaria ya kutapika na jasho jingi pia muwahi, mwili ukikauka maji lithiamu inapanda.

Umeshaona basi Ramadhani inaingia wapi. Arua na lile joto, mchana kutwa bila tone la maji, halafu usiku tarawehe, halafu daku, usingizi umekatwa vipande vipande. Kwa mtu wa lithiamu hayo ni mambo mawili mabaya kwa pamoja. Mimi ningekuwa wewe ningeenda naye kwa daktari mwezi mzima kabla, sio usiku wa kuandama mwezi, halafu kwa shehe. Mgonjwa ana ruhusa kwenye dini yetu na kuna fidya ya kulisha maskini, hilo shehe yeyote atakwambia. Najua litamuuma, mwanaume kula mchana kwa aibu wakati wenzake wamefunga si jambo dogo. Mpe kazi yake mwezi huo: yeye ndo anunue tende, yeye ndo apeleke futari kwa majirani.

Kuhusu ile miezi miwili ya kulia, ikirudi usione ni uvivu, huo ni upande wa pili wa ugonjwa ule ule. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Siku hizo dawa ikae kwako, ya wiki moja tu, manake lithiamu nyingi kwa mpigo inaua, na sumu ya panya na ya mimea itoke kabisa nyumbani. Na asiende kwenye kliniki ya mtaani akapewa vidonge vya huzuni bila kusema ana bipola, vile peke yake vinaweza kumrusha juu tena.

Mwisho hela na kamba. Kaeni sasa, akiwa mzima, mkubaliane: mkopo wa SACCO na hati ya kiwanja visitoke bila sahihi zenu wote wawili, na kukizidi kiasi fulani kwenye mobaili mani anakuuliza kwanza. Muulize nani anamwamini wa kumpeleka hospitali siku mambo yakiharibika, pengine ni mtu mmoja tu pale steji anayemsikiliza. Mtu aliyewahi kufungwa kamba mbele ya watoto wake haisahau, nimewavua wengi zile kamba mlango wa wadi, nimeona alama kwenye mikono. Uganda tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ilichukua nafasi ya ile ya 1964, na mtu anaweza kwenda kulazwa kwa hiari yake mwenyewe. Akienda siku ya pili ya kukosa usingizi, anaenda na miguu yake.

Shangazi, nina miaka 24, niko Kampala, nina bipola tangu chuo, natumia valproeti na iko poa. Naolewa Desemba. Mchumba hajui. Pia naskia eti hiyo dawa si nzuri kwa mimba, ni kweli?
*S., Kampala*

Ni kweli, na ningefurahi kama ungeambiwa siku ya kwanza uliyoandikiwa. Kwa wanaoitumia wakiwa na mimba, kama mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwemo, na 3 hadi 4 kati ya 10 wanachelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Usiiache leo peke yako, utaanguka kabla hata ya harusi. Nenda kliniki wiki hii, sema "naolewa Desemba," mpange kubadilisha polepole, na mpaka hapo tumia uzazi wa mpango wa uhakika. Uulizie pia vidonge vya foliki. Wakitaka kukuhamishia kabamazepini, dawa nyingine ya bipola, jua kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti, na kwa mimba nayo si salama sana.

Mchumba mwambie kabla ya harusi, dada. Mchukue siku ya kliniki, musawo, yaani daktari, amweleze na wewe ukiwepo. Kama atakimbia akimbie sasa, mahari haijaliwa.

Shangazi, kaka yangu Busia haongei na watu wiki tatu, kabla alikuwa anajiita rais. Baba anasema ni majini, hataki hospitali.
*Boda wa Busia*

Baba asibishaniwe. Mwambie dua iendelee na hospitali iendelee, zote mbili. Si lazima umpeleke mpaka Butabika, ile hospitali kubwa ya akili Kampala, Mbale wana kitengo cha akili kwenye hospitali ya rufaa. Nenda na mtu ambaye baba anamheshimu, imamu au mchungaji aliyewahi kuuguza, na ukifika usisahau kumwambia daktari hizo siku za urais, manake wakimuona kimya tu watamtibu huzuni peke yake.