Shahada Mbili kwa Mpigo?

SWALI: Mhariri, binti yangu anakaribia kumaliza kidato cha nne na anatamani kuwafundisha watoto viziwi. Shangazi yake aliyeko Marekani anamhimiza akasomee huko shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja, kwa miaka mitano. Je, inafaa? Mzazi, Kisumu.

JIBU: Mzazi mwenzangu, mpango huo upo katika vyuo kadhaa vya Marekani: mwanafunzi huanza kozi za uzamili akiwa mwaka wa nne, nazo baadhi huhesabiwa katika shahada zote mbili, hivyo huokoa muda na karo. Hata hivyo, mafunzo hayo hulenga leseni ya ualimu ya jimbo la huko, na lugha ya ishara atakayokutana nayo ni ya Kimarekani, ilhali watoto anaotamani kuwafundisha hutumia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina msamiati wake.

Kama nia yake ni kufundisha nyumbani, ningependelea aanzie Chuo Kikuu cha Maseno, chenye idara ya elimu maalum, kisha asajiliwe na TSC, tume inayosajili walimu nchini Kenya. Uzamili aufuate baada ya kukaa darasani na kuona jinsi mtoto anavyopoteza nusu ya somo pale mwalimu anapogeukia ubao huku akiendelea kuzungumza.