Mabaraza 20 yalisaini, sasa machifu wanapinga kwa sheria ipi?

Swali: Wakili habari za kazi. Nafuatilia lile bomba la gesi la Coastal GasLink kule British Columbia, Kanada. Naambiwa mabaraza 20 ya wenyeji yalisaini na kampuni, sasa hawa machifu wa Wet'suwet'en wanapinga kwa sheria ipi? Na kama walishinda kesi 1997 mbona bomba limepita?

Jibu: Salama ndugu yangu, hapo ndo wengi wanakwama. Waliosaini ni mabaraza ya kuchaguliwa, yametokana na sheria ya Kanada ya 1876, na kazi yake hasa ni kusimamia vile vieneo vidogo wenyeji walivyotengewa. Bomba lina kilomita 670 na linakata ardhi ya jadi nje ya hapo, kama kilomita za mraba 22,000 zilizo chini ya koo tano za Wet'suwet'en. Chifu pale harithi cheo tu, anapewa jina kwenye karamu mbele ya mashahidi na jina linakuja na eneo lake, mto wake na samaki wake, kwa hiyo baraza haliwezi kusaini kitu ambacho si chake, ndo hoja yao na mimi naona ina uzito kabisa.

Sasa ya 1997, kesi ya Delgamuukw, ambayo machifu wa Wet'suwet'en na jirani zao Gitxsan walilishtaki jimbo kudai ardhi yao. Ilipoanza kusikilizwa mahakama ya chini, bibi mmoja wa Gitxsan, Mary Johnson, alitaka kuimba wimbo wa ukoo kama ushahidi, jaji akamwambia kumwimbia yeye hakusaidii kitu, masikio yake hayashiki muziki. Akaimba hivyo hivyo. Inaniuma kila nikiisoma hiyo, maana ule wimbo ndo hati yao ya ardhi! Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaja kusema masimulizi ya mdomo ni ushahidi na yapewe uzito, na kwamba jimbo halina uwezo wa kuifuta haki yao ya ardhi. Ila haikutamka ardhi ni ya nani, iliagiza kesi isikilizwe upya na mpaka leo haijasikilizwa.

Bomba limepita kwenye hilo pengo. Kampuni ilipata zuio la muda la mahakama Desemba 2018 dhidi ya wanaofunga njia, na Desemba 2019 ikapewa jingine, jaji akasema sheria ya kimila haina nguvu mahakamani mpaka itambuliwe kwa mkataba, hukumu au bunge. Kampuni ina vibali vya jimbo mkononi, machifu wana haki ambayo haijatamkwa, basi ukizuia barabara unakamatwa kwa kudharau mahakama, na polisi waliingia 2019, 2020 na tena 2021.

Mfano ni chifu Dsta'hyl. 2021 alikamata mitambo ya kampuni kwenye eneo la ukoo wake, akajitetea kwamba anatekeleza sheria ya Wet'suwet'en ya kuingia bila ruhusa. Jaji akaukataa utetezi huo, na Julai 2024 chifu akapewa kifungo cha nyumbani cha siku 60.