Nani kasema kisicho na hewa hakiozi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mashine ya kufungia chakula bila hewa ina faida jikoni au inakuja kujaza kabati tu. Nilikaa kuandika kwamba haina faida. Lakini kinachonikera hasa si mashine, ni yale maneno yanayokuja nayo: kwamba ukishanyonya hewa, chakula hakiozi tena.

Maneno hayo niliyasikia kwa shemeji, mtu anayesoma kila karatasi ya maelekezo isipokuwa ile inayomhusu. Siku aliyoinunua alifunga kila kilichokuwa mbele yake. Alianza na karanga, zikafungika vizuri. Akaja nyama mbichi: mashine iliponyonya, majimaji yakapanda mpaka mdomoni mwa mfuko, na ule utepe wa moto ukashindwa kuunganisha plastiki iliyolowa. Akafuta, akarudia, ikakubali. Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua mboga, hasemi kitu. Baadaye nyama ikageuka rangi ya zambarau iliyokoza. Mama akauliza, "Hiyo si imeshaharibika, mwanangu?" Hapo shemeji alisema kweli: nyama ikikosa oksijeni hugeuka hivyo, na ukifungua mfuko ikapata hewa, wekundu hurudi. Akafungua mmoja, wekundu ukarudi. Ushindi huo mdogo ndio uliomlevya.

Vikafuata vitunguu saumu vilivyomenywa, uyoga mbichi, halafu samaki wa moshi, na vyote akavipanga kwenye rafu.

"Shemeji, hivyo vinataka baridi."

"Baridi ya nini tena? Hewa haimo, bakteria watapumua nini?"

Hapo ndipo penyewe. Wapo bakteria wasioitaka hewa. Clostridium botulinum hustawi pale oksijeni inapokosekana, na spora zake, yaani mbegu zake sugu, zimejaa kwenye udongo na matope ya chini ya maji, kwa hiyo huja na vitunguu, uyoga na samaki bila kubisha hodi. Si lazima mfuko uvimbe, wala si lazima chakula kinuke, na sumu yake hupoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia. Wale waozeshaji tuliowazoea, wanaotuonya kwa harufu na utelezi, ndio mashine inaowadhoofisha. Ni kama kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi nyumba. Nilimweleza yote hayo nikiwa nimesimama, na sauti ilipanda kupita kiasi, nakiri. Aliyemaliza ubishi ni mama mkwe. Alinyanyuka, akakusanya paketi za rafuni, karanga akaziacha, nyingine zote akazitupa, akarudi kwenye mboga zake. Shemeji alinuna mpaka jioni.

Sasa naandika haya huku naikumbuka ile nyama, maana yenyewe ilikwenda kwenye friza. Ilikaa miezi, ikatoka haina yale mabaka meupe makavu tunayoyajua sote. Mabaka yale ni nyama kukaukia kwenye baridi, maji yakiihama kidogo kidogo; plastiki ikiikumbatia bila nafasi, maji hayana pa kwenda. Hilo mfuko wa kawaida, hata ukiubana kwa mkono, haulifanyi vizuri hivyo. Ilinibidi nimsifu, na si kazi rahisi.

Kwa hiyo, mwenye friza inayoshika nyuzi 18 chini ya sifuri na anayenunua vitu kwa wingi, anunue. (Anayenunua cha leo na kesho asijisumbue, na ambaye umeme kwake unakatika ovyo atapoteza pesa za mifuko bure.) Mashine haiui kitu, inachelewesha tu; cha kuwekwa kwenye friji kabla ya kufungwa, kibaki kwenye friji baada ya kufungwa. Supu igande kwanza kwenye bakuli ndipo uifunge. Mfupa wenye ncha utautoboa mfuko. Kabichi na brokoli zichemshwe kidogo kabla, la sivyo gesi yake itaujaza mfuko upya. Samaki aliyegandishwa, mfungulie mfuko kabla ya kumwacha ayeyuke kwenye friji, kwa sababu zipo aina za bakteria yuleyule asiyeitaka hewa zinazoweza kukua hata kwenye nyuzi 3.

Karanga kavu zinaweza kukaa rafuni. Hizo nampa shemeji.