Re: Feni ya kipima upepo inagoma karibu na simu

Mkuu, kifaa chako hakijafa. Umesema feni inasitasita upepo ukiwa mdogo, tena ukiwa umekishika pamoja na simu yenye kava la kujifunga. Hilo kava lina sumaku, nami nalishuku hilo kwanza.

Kwenye mhimili wa feni za aina hii, zikiwemo za Kestrel (chapa ya vipima upepo vya mkononi), kuna kisumaku kidogo. Kinapozunguka, kihisi kilicho ndani ya kifaa huhesabu mizunguko bila kugusa chochote. Sasa ukisogeza sumaku nyingine au chuma, kile kisumaku kinataka kuelekea upande mmoja, kama sindano ya dira. Upepo mkali haujali: nusu mzunguko feni inavutwa nyuma, nusu inasukumwa mbele, mambo yanalingana. Shida ni pale mwanzo, kwenye mita 0.6 hivi kwa sekunde, ambapo nguvu ya upepo ni kiduchu. Na sumaku kali ikikaribia sana, hata kihisi chenyewe kinaweza kukosa kuhesabu, feni inazunguka huku kioo kinasoma sifuri.

Pima hivi: shika kifaa pamoja na simu, puliza feni taratibu, iache isimame, kisha rudia simu ikiwa mbali. Ikiyumba huku na huku kisha ikatulia palepale kila mara simu ikiwa karibu tu, ni sumaku. Ikikwama ghafla popote, ni uchafu. Kama unafanya kazi gereji, chungulia mhimili kwa tochi. Unga wa chuma hupenda kunasa hapo. Utoe kwa utepe wa gundi (selotepu), usipulize kwa kompresa, utaua bearingi.