Mbwa mwitu anammezaje bibi na niko peke yangu?

Swali: Nafundisha chekechea hapa Moshi, wanangu wana miaka 3 mpaka 5. Nataka kuwachezea hadithi ya Kofia Nyekundu kwa vikaragosi vya soksi ila mdomo wa mbwa mwitu haufunguki vizuri, na pale anapommeza bibi sijui nafanyaje. Na wakilia je?

Jibu: Mwalimu, pole na kazi. Tuanze na mdomo. Soksi fupi za shule achana nazo, shuka pale soko la Memorial utafute zile ndefu za mpira wa miguu, zinafika karibu na kiwiko, mkono wote unajificha. Kata boksi gumu umbo la yai, likunje katikati, chana soksi pale mbele kwenye vidole, ubandike kwa gundi ya viatu na uache likauke usiku kucha. Vidole vinne juu, dole gumba chini. Sasa wengi wanainua vidole vya juu, mbwa anaishia kuangalia dari, we shusha dole gumba tu, mara moja kila silabi, bi-bi-fu-ngu-a, na kiganja kiinamie mbele kidogo ili macho yawatazame watoto kwenye mkeka.

Kumeza sasa. Mbwa mkono wa kulia, bibi wa kushoto, mlaze ukingoni mwa khanga uliyoifunga kwenye viti viwili. Mbwa aje kwa ubavu, mdomo wazi, afunike kichwa cha bibi, halafu mkono wa kushoto unashuka taratibu nyuma ya khanga huku mbwa anagugumia, gluk, gluk, gluk. Jukwaa libaki tupu, waimbishe wimbo wowote wa Kofia Nyekundu yuko njiani, wewe huku chini unamvua bibi unamsokomeza kwenye mfuko wa zipu ulioushona tumboni mwa mbwa. Akiibuka na kile kitambi watavunjika mbavu.

Kulia kunaletwa na kimya. Bibi akimezwa akanyamaza, kwa mtoto wa miaka 3 bibi ndo kashakufa hivyo. Mwache aendelee kuongea humo humo, "Jamani huku giza! Na huyu kala vitunguu!" utaona wanaanza kumjibu. Wala hujaharibu hadithi, ya Perrault wa Ufaransa ya 1697 ndo inaishia wameliwa basi, ya ndugu Grimm wa Ujerumani ya 1812 mwindaji anapasua tumbo wanatoka wazima. Chukua hiyo ya Grimm ila mkasi wa kupasulia ruka, na yale mawe anayojazwa mbwa tumboni ruka pia, hawa bado wadogo. Kofia Nyekundu mwenyewe asimezwe, mfuko hautoshi, apige tu yowe, na mwindaji awe mtoto mmoja wa darasani aje afungue zipu. Hapo watagombania, panga mapema nani leo nani kesho.

Ukitaka mbwa mwitu awe fisi sawa tu, masikio yawe ya mviringo.

Halafu usikae na dirisha mgongoni, mwanga unapenya kwenye khanga wote wanakuona unavyohangaika na zipu.