Bahari Ina Zamu Zake: Maswali Yenu

Wiki hii maswali yote ni ya maji, na sishangai. Vuli inakaribia na kila mtu anatazama paa lake.

"Mwalimu, shikamoo. 2015 tuliambiwa El Niño kubwa yaja. Nikakopa, nikaezeka upya. Mvua ikaja ya kawaida. Tulidanganywa?" (Muuza mahamri, Likoni)

Marahaba. Hukudanganywa, Bi. El Niño ya 2015 ilikuwa kubwa kweli, ya kulingana na ile ya 1997 iliyotuzamisha. Lakini El Niño ni joto la maji ya Pasifiki, huko upande wa Peru, na sisi tuna bahari yetu. Bahari ya Hindi nayo ina zamu zake: kuna miaka maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida, ya Sumatra, kule Indonesia, yakapoa, na mawingu yakahamia huku. Wataalamu huiita dipoli, nayo ilikuja kuelezwa vizuri 1999. Mwaka 1997 zilikutana zote mbili. 2015 dipoli ilikuwa hafifu. Sasa tazama vuli ya 2019: El Niño haikuwepo, ila dipoli ilikuwa miongoni mwa kali zaidi zilizowahi kupimwa, na Kenya ikafurika. Kwa hivyo utabiri ukitoka, usiulize El Niño peke yake. Uliza na bahari ya hapa imekaaje. Mabati yako nadhani 2019 uliyashukuru.

"Peru iko wapi na Mombasa iko wapi? Maji ya huko yatuhusu nini?" (Dereva wa tuktuk, Kisauni)

Jaza karai maji, upulize kwa nguvu kutoka upande mmoja. Maji yatapanda kidogo upande wa pili. Katika Pasifiki pepo hupuliza hivyo kutoka mashariki kwenda magharibi, hata bahari ya Indonesia ikawa juu ya ile ya Peru kwa kama nusu mita. Kila baada ya miaka 2 hadi 7 pepo hizo hulegea, maji ya moto yakarudi mashariki na mvua ikayafuata. Hapo hewa inayopanda na kushuka kandokando ya ikweta huyumba yote, mpaka huku kwetu. Jina lilitoka kwa wavuvi wa Peru: joto lile huwafikia karibu na Krismasi, wakaliita "Mtoto", yaani mtoto Yesu. Sisi tumelifanya Elinino, na kila mvua inayojaza maji barabarani twaibandika jina hilo.

"Si ndiyo kusi na kaskazi hizo?" (Mvuvi, Mtwapa)

Siyo, ami. Kusi na kaskazi hazikosi mwaka. Hizi nyingine huja zikipenda.

"Babangu asema joto hili ni zamu tu, litapita." (Mwanafunzi, Changamwe)

Mzee ana nusu ya haki. Zamu zipo, tena ndefu: Pasifiki ya kaskazini hubadilika kwa miaka 20 hadi 30, na Atlantiki huhesabiwa 60 hadi 80, ingawa hiyo ya Atlantiki bado inabishaniwa. Ila zamu kazi yake ni kuhamisha joto, kulitoa majini kulitia hewani na kulirudisha. La Niña, kinyume cha El Niño, huipoza dunia kidogo. Ilikaa miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022, na kila mmoja wa miaka hiyo ulikuwa na joto kuliko 1998, mwaka wa El Niño iliyovunja rekodi zama zake. Hapo zamu haitoshi kuwa jibu. Hewa ukaa, ile inayozuia joto la dunia lisitoroke, imetoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, ikapita 420. Mwambie kwa adabu, chai ikiwa tayari.

"Kwa nini matumbawe yalikuwa meupe 1998?" (Mpiga mbizi, Bamburi)

Ndani ya tumbawe huishi vijimea vidogo mno vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa, likabaki jeupe kama chokaa. Bado li hai, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema hupona. Mwaka ule halikushuka mapema, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa.