PS au kompyuta kwa gemu za bunduki? Ushauri kwa vijana wa Mwanza

"Kaka, ninunue PS5 au niunge kompyuta?" Swali hili naletewa kila mara na vijana wanaotaka kuanza kushindana kwenye gemu za bunduki. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya PS ya Kirumba na Mlango Mmoja, na sasa nyumbani Nyakato nina kompyuta niliyoiunga kifaa kimoja kimoja kila hela ilipopatikana. Nacheza kote kuwili, na jibu langu ni hili: kama hela yako haifiki kwenye kompyuta inayoshikilia fremu (picha) 144 kwa sekunde bila kuyumba, pamoja na monita ya kuzionyesha, nunua konsoli, yaani PS au Xbox. Kompyuta ya kuungaunga isiyofika hapo inapigwa na PS4 iliyochakaa.

Tuanze na fremu. Ukicheza kwa fremu 60, picha mpya inakufikia kila baada ya milisekunde 16.7. Kwa 120 ni 8.3, kwa 144 ni 6.9, kwa 240 ni 4.2. Adui akichomoza kwenye kona, mwenye 240 anamwona mapema kidogo, na katika gemu inayoamuliwa na risasi moja ya kichwa, hicho kidogo kinauma. Ila angalia faida inavyopungua kadiri unavyopanda: kutoka 30 kwenda 60 unaokoa karibu milisekunde 17, kutoka 144 kwenda 240 hazifiki hata 3, na hizo za mwisho ndizo za bei mbaya.

Kinachowaangusha wengi ni kuyumba. Kompyuta inapiga fremu 140 ukiwa peke yako kwenye uchochoro, halafu watu watano wanaingia, mabomu ya moshi yanatupwa, inashuka hadi 45. Mkono ulishazoea mwendo mmoja, kwa hiyo risasi inakwenda ukutani. Kwenye konsoli, watengenezaji wa gemu wanajua kila kifaa kilichomo ndani, hivyo wanapunguza urembo wa picha mpaka fremu 60 zishike. PS5 na Xbox Series X, zote za mwaka 2020, zinafika 120 kwa gemu zinazoruhusu, mradi TV yako iipokee. TV nyingi za mtaani huku kwetu mwisho wake ni 60, na 60 iliyotulia inatosha kabisa kukupandisha daraja.

Sasa nikuonye kuhusu zile kompyuta za ofisini zilizotumika zinazouzwa mjini, vile vijisanduku vyembamba vya Core i5. Muuzaji atakuambia, "Ongeza kadi ya picha tu, mdogo wangu, inacheza kila kitu." Kabla hujatoa hela mwombe afungue kifuniko. Tafuta kile kibati cha umeme chenye feni na usome karatasi yake: nyingi utakuta wati 180 hadi 240, na ukizifuata nyaya zake hutaona hata mmoja wa kulishia kadi ya picha. Maana yake umebaki na kadi zinazokula umeme kupitia ubao wenyewe, usiozidi wati 75, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650, tena ile fupi, kwa sababu ndefu haiingii kwenye hilo sanduku. Kisha tazama RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kama ni kijiti kimoja cha GB 8 na tundu la pili liko wazi, omba kijiti kingine kama hicho. Viwili vinafanya kazi sambamba, na utaona tofauti zaidi pale gemu inapozidiwa.

Kuna dogo wa Igoma aliniletea kompyuta nzuri tu, analalamika kwamba monita yake mpya ya Hz 144, yaani ya kuonyesha picha 144 kwa sekunde, haina tofauti na ya zamani. Nilifungua mipangilio ya skrini ya Windows, ilikuwa imekaa 60. Tukapandisha, akazungusha mausi mara mbili tatu, akanyamaza, akacheka. Kagua hilo siku ileile unayonunua, na utumie waya uliokuja na monita.

Gemu unayoipenda nayo inaamua mengi. Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya CS:GO Septemba 2023, haipo kwenye konsoli, kwa hiyo kama moyo wako uko huko hakuna mjadala, weka akiba ya kompyuta, na hela nyingi iende kwenye prosesa maana gemu hiyo inaitegemea sana. Valorant iliingia PS5 na Xbox Series mwaka 2024, lakini watu wa konsoli hawakutanishwi na watu wa kompyuta, basi mwenye fremu 240 hakuhusu. Fortnite na Call of Duty ndizo zinazowachezesha pamoja watu wa konsoli na wa kompyuta. Unaweza kuzima mchanganyiko huo kwenye konsoli, lakini mimi sikushauri ukiwa huku, kwa sababu wachezaji wa karibu ni wachache na utasubiri mechi mpaka uchoke.

Na usiionee aibu pedi. Ligi ya Call of Duty ilihama kutoka PS4 kwenda kwenye kompyuta msimu wa 2021, na wachezaji wake wanaolipwa mishahara waliendelea kushika pedi. Gemu inaisaidia pedi kulenga kwa kupunguza mwendo wa alama inapopita juu ya adui, na kwa mapambano ya karibu msaada huo ni mkubwa. Mbali, mausi inashinda. Kama mikono yako imefundwa bandani, chomeka pedi hiyohiyo kwenye kompyuta, inakubali.

TV ndiyo inayonisikitisha zaidi kwenye mabanda yetu. Mwenye banda anaweka rangi ziwake ili wapita njia wavutiwe, na TV inaipikapika picha kabla ya kuionyesha. Unabonyeza kufyatua, bunduki inachelewa kuitika. Ingia kwenye mipangilio ya picha, weka hali ya gemu. Kwenye TV nyingi utaokoa makumi ya milisekunde, zaidi ya unazopata kwa kutoka fremu 60 hadi 144, na hulipi hata shilingi. Ongea na mwenye banda kwa adabu, mwonyeshe tofauti kwa kucheza naye. Waliokubali hawajarudisha ile ya zamani.

Tukija kwenye mtandao, PS na kompyuta ni sawasawa. Seva za Counter-Strike (kompyuta zinazoendesha mechi) zilizo karibu nasi ziko Johannesburg, na gemu nyingine nyingi zitakupeleka Ulaya au Mashariki ya Kati. Mwanga ndani ya fiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Mwanza hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pingi, yaani muda wa kwenda kwenye seva na kurudi, haiwezi kushuka chini ya milisekunde 60, na njia yetu haijanyooka: inateremka kwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, ndipo iingie baharini. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikwama, mwenye PS na mwenye kompyuta ya mamilioni.

Kinachowezekana ni kuifanya pingi itulie. Pingi ya 130 isiyoyumba ni bora kuliko ya 90 inayoruka hadi 300. Kama fiba imefika mtaani kwenu, hiyo hela ina thamani kuliko kadi mpya. Kama unatumia ruta ya laini na unaishi mlimani, Mabatini au Igogo, yale mawe makubwa yanaziba mnara. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha mpaka upate linaloutazama. Halafu toa waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine, achana na Wi-Fi.

Bando ni kilio kingine. Kucheza kwenyewe kunakula kidogo, kupakua ndiko kunakomaliza, na Call of Duty inapita GB 100. Hapa kompyuta ina raha yake: tangu 2023 Steam, duka la gemu za kompyuta, inaruhusu kompyuta moja kuikopi gemu kutoka nyingine kwenye mtandao wa ndani. Mmoja wenu mwenye fiba anapakua, wengine mnabeba mashine kwenda kwake na waya.

Mwisho umeme. PS5 kwenye gemu nzito inakula kama wati 200, kompyuta yenye kadi kubwa inafika 300 hadi 400. UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA itabeba PS5, TV na ruta mpaka mmalize raundi, lakini kompyuta ya aina hiyo itaizima papo hapo, inahitaji kubwa zaidi. Usiisahau ruta kwenye hesabu, maana mashine ikiwaka na ruta imezima bado umetoka mechini. Kwenye Counter-Strike, usiporudi kwa wakati unafungiwa dakika 30, na ukirudia adhabu inapanda mpaka siku 7.